Sifa Isiyoonekana: Kwa Nini Watu Hununua Bidhaa Zinazotunza Mazingira

Mabibi na mabwana, ndugu wazalishaji, wauzaji na wanafunzi wa biashara,

Nashukuru kwa nafasi hii. Swali nililopewa linawasumbua wengi walioweka mtaji wao kwenye bidhaa zinazotunza mazingira: yule mnunuzi anayesema anazitaka, siku ya kulipa huwa yuko wapi? Mwaka 2019 jarida la Harvard Business Review lilichapisha makala ya Katherine White na wenzake iliyotaja uchunguzi ambamo asilimia 65 ya waliohojiwa walisema wanataka kununua chapa zinazotetea mazingira. Walionunua kweli walikuwa takriban asilimia 26.

Ni rahisi kusema hao waliobaki ni wanafiki. Naomba tusiseme hivyo, kwa sababu mbili. Kwanza, si kweli. Wengi walimjibu mhoji kwa moyo mweupe. Pili, mzalishaji anayemdharau mteja wake huacha kumchunguza. Kumjibu mhoji hakugharimu chochote. Mbele ya rafu kuna bei, kuna haraka, kuna mazoea ya miaka, na kuna hofu ya kupoteza fedha kwa kitu ambacho hakijawahi kujaribiwa nyumbani. Ukimuuliza mtu kama anajali mazingira umempima jambo moja. Mkono unaochukua chupa unaongozwa na mambo mengine kabisa. Hayo mengine ndiyo nataka tuyazungumze.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa kisu kikali au godoro zuri, wamesema kweli. Kwa bidhaa inayotunza mazingira methali hiyo inakwama, na hapo ndipo mzizi wa jambo lote ulipo. Wachumi hugawa sifa za bidhaa katika makundi matatu. Kuna sifa unayoiona kabla ya kununua, kama rangi ya kitambaa. Kuna unayoijua baada ya kutumia, kama kitambaa hicho kitachuja au hakitachuja. Na kuna sifa usiyoweza kuijua kabla wala baada. Kundi hili la tatu lilielezwa na Michael Darby na Edi Karni mwaka 1973: fundi anakwambia kipuri fulani kimekufa, anakibadilisha, gari linawaka, na hutajua kamwe kama cha zamani kilikuwa kizima.

Utunzaji wa mazingira umo katika kundi hilo la tatu. Shati la pamba iliyolimwa bila viuatilifu huvaliwa sawasawa na shati la pamba iliyopuliziwa. Umeme wa upepo huwasha taa ileile. Mti uliokatwa kwa utaratibu hutoa karatasi nyeupe kama ule ulioibwa msituni. Mnunuzi hawezi kuona, kuonja wala kugusa kile unachomtoza fedha za ziada. Anachoweza kuona ni dalili zake tu: nembo, bei, jina la kampuni, majirani wanatumia nini, na bidhaa yenyewe inafanyaje kazi. Sababu zote zinazomfanya mtu anunue, na zote zinazomfanya arudishe bidhaa kwenye rafu, zinatokana na hali hiyo.

Sababu iliyo karibu naye kuliko zote ni mwili wake na mfuko wake. Tafiti nyingi kuhusu wanunuzi wa vyakula vya kilimo hai zimekuta kwamba afya ya mlaji na familia yake hutajwa mbele ya afya ya udongo na mito. Mzazi anayechagua sabuni isiyo na harufu kali kwa ajili ya mtoto mchanga anapunguza pia kemikali zinazoishia mtoni, lakini hakuufikiria mto. Wako wanaoudhika kusikia hivyo, wakiona nia hiyo ni pungufu. Mimi naona ni baraka, kwa sababu faida ya binafsi inaonekana, na kinachoonekana kinaweza kubeba kisichoonekana.

Mfano unaosimuliwa sana katika fani hii ni wa kampuni ya Philips. Mwaka 1994 ilitoa balbu ya kubana umeme na kuiita EarthLight. Iliuzwa dola 15 wakati balbu ya kawaida ilikuwa senti 75, na umbo lake lilikuwa geni, halikukaa vizuri kwenye taa nyingi. Haikwenda. Mwaka 2000 ikarudi sokoni kwa jina la Marathon, umbo lake likiwa limesogezwa karibu na la balbu iliyozoeleka, pamoja na ahadi ya kudumu miaka mitano na kuokoa zaidi ya dola 20 za umeme. Mauzo yalipanda asilimia 12 katika soko lililokuwa limedumaa. Teknolojia ilikuwa ileile kimsingi. Kilichobadilika ni kwamba kero ya umbo iliondolewa, na faida ikatajwa kwa fedha na kwa miaka, vitu ambavyo mtu anaweza kuvihesabu jioni anapolipa bili.

Kwa hiyo, kabla hujaandika neno lolote kuhusu dunia kwenye pakiti, tafuta faida ya mteja iliyofungamana na faida ya mazingira. Sabuni ya kufulia kwa maji baridi ni mfano mwepesi: katika mashine ya kufulia, takriban asilimia 90 ya nishati huenda kwenye kupasha maji joto, na kazi ya kuzungusha ngoma huchukua sehemu ndogo tu. Mteja anayefua kwa maji baridi anaona bili ikishuka na nguo zikichelewa kuchakaa. Balbu ya LED hutumia umeme pungufu kwa angalau asilimia 75 kuliko ile ya zamani ya waya unaowaka. Andika hizo. Lakini uwe na hakika kwamba zinamhusu mteja wako: anayefua kwa mkono kwa maji ya bomba hana bili ya kupunguza, na ahadi hiyo kwake ni maneno matupu.

Kuna ushahidi pia kwamba maneno ya mazingira yanaweza kumfukuza mtu. Dena Gromet na wenzake walichapisha mwaka 2013 jaribio lililofanyika Marekani. Balbu za kubana umeme zilipokuwa ghali zaidi, kuziwekea lebo ya kulinda mazingira kuliwafanya wanunuzi wa mrengo wa kihafidhina wazichague kidogo kuliko zilipokuwa hazina lebo hiyo. Fedha za kuokoa walizipenda kama wengine wote. Lebo iliwapa hisia kwamba bidhaa ni ya kundi jingine la watu. Lebo hutaja bidhaa, na papo hapo humtaja mnunuzi.

Hapo tunaingia kwenye sababu ya pili, kuonekana. Gari la Toyota Prius, lililoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, lilikuja kuwa na umbo lisilofanana na gari jingine lolote barabarani. Kulikuwa na magari mengine ya mseto, yaani ya petroli na umeme pamoja, yaliyobana mafuta vizuri lakini yenye bodi ya gari la kawaida. Steven Sexton na Alison Sexton, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu majimbo ya Colorado na Washington, walikadiria kwamba wanunuzi walikuwa tayari kulipa kuanzia mamia hadi maelfu kadhaa ya dola kwa sababu tu watu wangetambua kwamba gari hili ni Prius. Kiasi kilitegemea mahali: palipokuwa na watu wengi wanaothamini mazingira, heshima ile ilikuwa na bei kubwa zaidi.

Vladas Griskevicius na wenzake walilipima jambo hili kwa karibu mwaka 2010, kwa kutumia gari, mashine ya kuoshea vyombo na dawa ya usafi wa nyumbani. Watu walioamshiwa hamu ya hadhi walielekea kwenye bidhaa ya kijani, yaani inayotunza mazingira, badala ya ile ya anasa yenye bei sawa, lakini walifanya hivyo walipojiona wananunua mbele ya watu. Walipojiona wako peke yao mtandaoni, mvuto huo ulipotea. Na bidhaa ya kijani ilipokuwa rahisi kuliko nyingine, wenye hamu ya hadhi waliikwepa. Bei ya juu ilionyesha kwamba mtu amejitolea kwa ajili ya wengine na ana uwezo wa kujitolea.

Mtengenezaji afanye nini na habari hiyo? Aanze kwa kujiuliza bidhaa yake inatumikia wapi. Chupa ya maji, mfuko, viatu, baiskeli na gari huonekana. Hizo zipewe umbo au alama inayotambulika umbali wa hatua kadhaa. Vitambaa vya kuzuia joto ndani ya ukuta, pampu ya maji na sabuni ya choo havionekani na mgeni yeyote. Kuuza hadhi kwa vitu hivyo ni kupoteza fedha. Huko uza akiba na uimara. Kosa ninaloliona kwa kampuni changa ni kunakili matangazo ya bidhaa inayoonekana na kuyabandika kwenye bidhaa inayofichwa kabatini.

Watu wengine hutuongoza hata pale ambapo hatutafuti sifa. Mtu asiyejua lipi ni sahihi hutazama wenzake wanafanya nini. Noah Goldstein, Robert Cialdini na Griskevicius waliweka kadi tofauti katika vyumba vya hoteli wakiwaomba wageni watumie taulo zaidi ya mara moja. Kadi ya kutunza mazingira peke yake ilifuatwa na takriban asilimia 35. Kadi iliyosema wageni wengi hurudia taulo zao ilifikia asilimia 44. Iliyosema waliokaa katika chumba hikihiki hufanya hivyo ilifikia asilimia 49. Kadiri mwenzako anavyokuwa karibu na hali yako, ndivyo nguvu yake inavyoongezeka.

Kinachoharibu hapa ni kutangaza ubaya ulivyoenea. Ukiandika kwamba watu wengi bado wanatupa chupa ovyo, umemwambia msomaji kwamba kutupa ovyo ndiyo kawaida. Je, kama wanaofanya vizuri bado ni wachache? Usidanganye idadi. Sema mwelekeo. Gregg Sparkman na Gregory Walton walionyesha mwaka 2017 kwamba watu waliokuwa kwenye foleni ya mkahawa, walipoelezwa kuwa baadhi ya watu wameanza kupunguza nyama, waliagiza mlo usio na nyama kwa asilimia 34; walioelezwa tu kwamba baadhi ya watu hupunguza nyama waliagiza kwa asilimia 17. Neno moja, "wameanza", lilibeba uzito wote huo. Kama wateja wako waliojaza chupa upya walikuwa 200 mwaka jana na mwaka huu ni 500, andika hivyo hasa.

Sababu nyingine ni furaha ya moyoni baada ya kutenda jema, ambayo James Andreoni aliifanyia kazi katika uchumi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Sitaikalia sana, ila ina jambo moja zito. Furaha hiyo haipimi ukubwa. Katika utafiti maarufu wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, makundi tofauti yaliulizwa yangelipa kiasi gani kuokoa ndege wasife katika madimbwi ya mafuta. Kwa ndege 2,000 jibu la wastani lilikuwa dola 80. Kwa ndege 20,000, dola 78. Kwa ndege 200,000, dola 88. Mnunuzi ataridhika kwa mrija wa karatasi sawa na atakavyoridhika kwa kiwanda kilichobadilisha boila lake. Dhamiri yake haina mizani ya kutofautisha hayo mawili. Mwenye mizani ni wewe unayetengeneza. Kumpa jema dogo kwa sababu linauzika sawa na kubwa ni kuitumia vibaya dhamiri ya mtu, na nasema hivi nikijua linafanyika kila siku.

Sasa tugeukie upande wa kurudisha bidhaa kwenye rafu. Wanunuzi wengi huamini, pengine bila kujua, kwamba kitu kinachotunza mazingira ni dhaifu. Michael Luchs na wenzake walilipima hilo mwaka 2010. Pale ambapo mtu anataka upole, kama shampuu ya mtoto, sifa ya mazingira iliinua bidhaa. Pale anapotaka nguvu, kama shampuu ya gari au tairi, iliishusha. George Newman na wenzake wakaongeza mwaka 2014 kwamba kampuni ikisema ilikusudia kuboresha mazingira, watu hudhani ubora mwingine umepunguzwa ili kulipia hilo. Faida hiyohiyo ikielezwa kama matokeo yaliyojitokeza yenyewe, dhana hiyo hupungua.

Madhara yake hayaishii dukani. Ying-Ching Lin na Chiu-chi Angela Chang waligundua mwaka 2012 kwamba watu humimina sabuni ya kijani nyingi zaidi kuliko ya kawaida wakidhani haina nguvu, na wanaojali mazingira ndio walimimina kwa wingi. Fikirini hasara yake. Tuseme dozi iliyopimwa maabara ni mililita 30 kwa ndoo, na mteja anamimina 45. Chupa ya kudumu miezi mitatu inaisha kwa miwili, plastiki inaongezeka kwa nusu, kemikali inayoingia kwenye maji machafu inaongezeka kwa nusu, na mteja anaondoka akilalamika kuwa bidhaa ni ghali. Tathmini yako yote ya mazingira ilijengwa juu ya mililita 30.

Tiba zipo. Bidhaa ya nguvu iandikwe nguvu kwanza, mbele ya pakiti, kwa jambo linalopimika: huondoa mafuta yaliyogandia kwa dakika 5 bila maji ya moto; tairi hili limepimwa kusimama kwenye barabara ya maji kwa daraja fulani. Sifa ya mazingira ifuate chini yake au upande wa nyuma. Utafiti wa Luchs wenyewe ulionyesha kwamba taarifa wazi ya nguvu hupunguza ile dhana ya udhaifu, na ule wa Lin na Chang ulionyesha kwamba kuthibitishwa na mtu anayeaminika huondoa tabia ya kumimina zaidi. Kwa bidhaa za kumimina, weka kifuniko chenye mstari wa dozi, na mstari huo uonekane hata mikono ikiwa na povu. Kifuniko kisicho na mstari hujazwa hadi juu. Kama dozi yako ni mililita 30 na kifuniko kinabeba 60, umepanga mwenyewe bidhaa itumike mara mbili.

Kuhusu urahisi nitasema machache, ingawa nguvu yake ni kubwa kuliko matangazo yote. Felix Ebeling na Sebastian Lotz walichapisha mwaka 2015 jaribio lililohusu makumi ya maelfu ya kaya za Ujerumani zilizokuwa zikichagua mkataba wa umeme mtandaoni. Kisanduku cha umeme wa vyanzo visivyochafua kilipokuwa kitupu na mteja akalazimika kukitia alama, waliochagua walikuwa takriban asilimia 7. Kilipokuwa tayari na alama na mteja akiwa huru kuiondoa, waliobaki nacho walikuwa takriban asilimia 69. Wanunuzi hawakubadilishwa mioyo. Hatua moja ya kidole ilihamishwa. Sharti langu ni moja: bei ya ziada ionekane palepale kwenye kisanduku, kwa maandishi ya ukubwa uleule. Mteja anayegundua baadaye kwamba alitozwa asilojua hatarudi, na atawaambia wengine.

Vivyo hivyo kwa punguzo. Wauzaji hupenda kumpa punguzo anayekuja na kikombe chake. Wouter Poortinga na Louise Whitaker walikuta mwaka 2018 kwamba punguzo halikubadilisha tabia ya wanunuzi wa vinywaji, huku tozo ya kiasi hichohicho kwa kikombe cha kutupa ilifanya watu wengi zaidi walete chao. Watu huumia kwa kupoteza kuliko wanavyofurahi kwa kupata. England ilipoweka tozo ya peni 5 kwa mfuko wa plastiki katika maduka makubwa mwezi Oktoba 2015, matumizi katika minyororo mikuu ya maduka huko yalikuja kushuka kwa zaidi ya asilimia 95. Kama una kikombe cha kutupa, kitenganishe kwenye risiti kama kitu chenye bei yake, badala ya kuificha ndani ya bei ya kinywaji.

Nimeliacha jambo la uaminifu hadi sasa kwa kuwa ndilo linaloshikilia mengine yote. Sifa isiyoonekana ikinunuliwa kwa dalili, basi dalili zikighushiwa soko zima linaoza, hata kwa muuzaji mkweli. Tume ya Ulaya ilichunguza madai ya mazingira yaliyokuwa sokoni na kukuta mwaka 2020 kwamba asilimia 53 yalikuwa ya jumla mno, yakipotosha au bila msingi, na asilimia 40 hayakuwa na ushahidi wowote. Nembo za mazingira katika Umoja wa Ulaya zilihesabiwa kuwa takriban 230. Mnunuzi aliyesimama mbele ya nembo 230 ana haki ya kutoamini hata moja. Na mwaka 2015, Volkswagen ilipobainika kuweka programu ya kudanganya vipimo vya moshi katika magari takriban milioni 11 duniani, waliodanganywa ni pamoja na watu walionunua dizeli wakiamini wanachafua hewa kidogo.

Kwa hiyo andika dai lako kwa namna ambayo mtu mwenye shaka anaweza kulifuatilia. Anza na sehemu: chupa, kifuniko, kilichomo ndani, au kiwanda? "Asilimia 80 ya plastiki ya chupa hii imerejelezwa, kifuniko hakijarejelezwa" ni dai. "Pakiti ya kijani" si dai. Kisha taja kulinganisha na nini: "umeme pungufu kwa asilimia 30" kuliko toleo lako la zamani, au kuliko wastani wa soko? Taja nani amepima na kwa kiwango gani. Kuna tofauti kubwa kati ya nembo inayotolewa na chombo huru chenye vigezo vilivyochapishwa, kama Blauer Engel ya Ujerumani iliyoanza mwaka 1978, na jani la kijani ulilochorewa na msanii wako. Mfumo wa ISO, shirika la kimataifa la viwango, unavitenganisha hivi: ISO 14024 ni ya nembo zinazothibitishwa na mtu wa tatu, ISO 14021 ni ya madai unayojitolea mwenyewe, na ISO 14025 ni ya taarifa za takwimu za maisha yote ya bidhaa. Ukijitolea dai mwenyewe, sema ni lako.

Neno "huoza" ndilo linaloingiza watu wengi matatani. Kiwango cha Ulaya cha EN 13432 kinataka kifungashio kisagike ndani ya wiki 12 kiasi kwamba kisichozidi asilimia 10 kibaki juu ya chekeche ya milimita 2, na asilimia 90 kivunjwevunjwe na vijidudu ndani ya miezi 6. Lakini hayo ni kwa mazingira ya mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi 58 hivi. Mfuko huohuo ukitupwa baharini au kwenye lundo la baridi nyuma ya nyumba, unaweza kukaa muda mrefu sana. Kama wateja wako hawana mtambo huo, neno "huoza" linamfanya mtu autupe pale usipooza. Neno "hurejelezwa" lina mtego uleule: mwongozo wa Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani husema dai hilo lisitolewe bila maelezo ya ziada iwapo vituo vya kurejeleza haviwafikii angalau asilimia 60 ya wateja au jamii zinakouzwa bidhaa hizo. Uwezo wa kurejelezwa maabara haumsaidii mtu asiye na pa kupeleka chupa.

Msisahau pia idadi ya matumizi. Wakala wa mazingira wa Denmark ulichapisha mwaka 2018 hesabu ya mifuko ya kubebea. Mfuko wa pamba ya kawaida unahitaji kutumika mara 52 ili ulingane na mfuko wa plastiki kwa athari za tabianchi pekee. Ukijumlisha vipimo vyote, likiwemo tabaka la ozoni ambalo ndilo lililopandisha hesabu, inafika mara 7,100. Anayegawa mifuko ya pamba bure kwenye kila mkutano amegawa mzigo ambao wengi hawataulipa. Kama unauza kitu cha kutumia tena, andika idadi: mara ngapi ili kilipe gharama yake ya mazingira, na kimejengwa kustahimili mara ngapi. Chupa ya kujaza upya yenye gramu 90 za plastiki, dhidi ya ya kutupa yenye gramu 30, haijaokoa plastiki hata gramu moja kabla ya kujazwa mara ya nne. Kifuniko chake kikivunjika mara ya tatu, hesabu nzima imeharibika. Kwa hiyo uza kifuniko peke yake.

Sheria nayo inakaza. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2024/825, ambalo tarehe yake ya kuanza kutumika ni 27 Septemba 2026, linakataza maneno ya jumla kama "rafiki kwa mazingira" yasiyo na ubora uliothibitishwa, nembo za uendelevu zisizo na mfumo wa uthibitisho nyuma yake, na kudai bidhaa haina mchango wa kaboni kwa sababu tu kampuni imenunua fidia ya kaboni, yaani imelipia upunguzaji wa hewa chafu kwingineko. Nalikaribisha agizo hilo kwa mikono miwili. Linamlinda mkweli.

Mwisho ni namna ya kujua wateja wako wewe wananunua kwa sababu ipi, kwa kuwa matokeo ya wengine hayakuvui kazi hiyo. Usiwaulize kama wanajali mazingira. Waulize juu ya ununuzi wa mwisho: ulichukua ipi, ulikuwa umeshika ipi ukairudisha, na nini kilikufanya uirudishe? Watu thelathini wakijibu maswali hayo kwa uangalifu utakuwa na sababu nne au tano zinazojirudia. Kisha tengeneza pakiti mbili zinazotofautiana kwa jambo moja tu, moja ikiwa na uimara mbele na nyingine mazingira mbele. Bei iwe ileile, urefu wa rafu uleule, na zibadilishane kila wiki kwa wiki nane au zaidi ili mwisho wa mwezi, watu wanapolipwa, usiupendelee upande mmoja. Hesabu zilizouzwa na idadi ya watu waliopita, na zitunze kwa siku.

Wengi hukosea ukubwa wa jaribio. Kama kawaida wanunua watu 10 kati ya 100 na unataka kugundua ongezeko hadi 12, unahitaji takriban watu 3,800 kwa kila pakiti ndipo uweze kutofautisha na bahati tu. Kwa ongezeko hadi 15 wanatosha karibu 700. Aliyejaribu kwa watu 100 akatangaza ushindi amesoma upepo. Zaidi ya hapo, lebo mpya huvuta macho kwa sababu ni mpya, kwa hiyo wiki mbili za mwanzo zihesabiwe kando, na jaribio lirudiwe baada ya miezi sita. Hapo pima pia waliorudi kununua mara ya pili, maana wa kwanza alinunua dalili, na huyu wa pili ameshaitumia bidhaa nyumbani.

Asanteni kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali.